Wifi na Mashine ya Sikio

Wifi yangu hamwamini mtu. Mimi nimeolewa na mdogo wake, tunakaa nyumba moja, na wiki ya kwanza tu nilimkuta akiweka alama ya chaki kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, ajue nani kamimina na kamimina kiasi gani. Nyumbani tunamwita Mpelelezi, naye hachukii. Anasema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo anazijua kuliko sisi sote, maana ni fundi cherehani.

Anashonea chumba cha mbele, sare za shule na mashati zaidi. Mama yao, yaani mama mkwe wangu, alikuwa na kiti chake dirishani. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo kwa mkono, na kupokea wateja. Hiyo ya pili ndiyo aliyoipenda. Mteja akifika alipewa salamu, akaulizwa habari za watoto, akasifiwa alivyonenepa, na akitoka hapo hata kama shati lake halijawa tayari ameridhika.

Sikio la kushoto la mama lilikufa zamani. La kulia linasikia kwa msaada wa mashine ndogo, na hiyo mashine ndiyo iliyoharibika. Fundi wa kuitengeneza hakupatikana karibu, ikabidi irudishwe kwa walioiunda, nje ya nchi. Wifi aliifunga mwenyewe, akaipeleka mwenyewe kwa kampuni ya mizigo, akapewa namba ya kufuatilia kwenye simu. Siku ile alirudi ametulia. Ule ndio ulikuwa utulivu wake wa mwisho.

Baada ya hapo simu haikutoka mkononi. Akimaliza mshono mmoja, anafungua kuangalia. Akibadilisha uzi, anafungua. Maneno yalikuwa yaleyale, mzigo wako unashughulikiwa, naye aliyasoma kila mara kwa macho makali, akitafuta palipofichwa uongo. Unashughulikiwa na nani? Kwa nini hawamtaji? Akamkumbuka karani aliyeupokea, kwamba alilishika boksi muda mrefu mno na alinukia manukato ya bei, mshahara wa karani unayatosha wapi? Karani alipochosha, ikawa zamu yangu. Mimi ndiye niliyeandika anwani, na mwandiko wangu, alisema, unajulikana. Nilimjibu vibaya na wala sijutii. Nilimwambia kama ningekuwa mwizi, ningeanza na mdomo wake.

Kazi nayo ikaanza kwenda mrama. Mwenye duka la jirani alikuja kujaribu shati lake jipya, akawa anajipapasa kifuani, anazunguka mbele ya kioo kama anayetafuta mkia. Mfuko ulikuwa mgongoni. Mpelelezi alikuwa ameushona jicho moja likiwa kwenye simu. Nilicheka hadi nikakaa chini, yeye hakucheka.

Kwa mama mambo hayakuwa ya kuchekesha. Wateja walibisha hodi asisikie, mmoja akaondoka amenuna akidhani amedharauliwa. Basi wifi akakihamisha kile kiti, akakiweka chumba cha nyuma karibu na meza ya kupigia pasi. Nilikuwa jikoni, nikamsikia kwa masikio yangu akimweleza mama kwamba ni kwa muda tu, mashine ikirudi naye atarudi dirishani. Mama hakujibu kitu. Nikasema moyoni, ameelewa.

Kisha, mashine ikiwa imeshatengenezwa na iko njiani kurudi, simu ikaleta maneno mapya: mzigo haujaonekana kituoni. Wifi alikaa kitako sakafuni. Akaniapisha mama asijue, atapata presha bure. Toka hapo mama akiingia, simu inageuzwa kifudifudi, na mazungumzo yetu yanakatika. Mama anasimama mlangoni, anatutazama mmoja mmoja, anaondoka. Macho hayana pazia. Hata mimi, pamoja na kuijua siri, nilianza kumshuku wifi. Mzigo gani huu wa kuchungulia mara zote hizi? Nikamwambia mume wangu dada yake kapata mchumba. Akasema angekuwapo, huyo mchumba angeshachunguzwa mpaka akimbie.

Mama mkwe hakuwahi kusoma vitabu, lakini midomo anaisoma. Ukisimama mbele yake kwenye mwanga, ukasema taratibu, anakupata. Alinishika mkono siku moja kwenye kamba ya nguo, akaniuliza humu ndani kuna nini. Nilikuwa nimeapishwa. Nikatabasamu, nikasema, "Hakuna kitu, mama." Alinitazama mdomo muda mrefu. Aliyapata maneno yote, na hakuamini hata moja.

Wiki iliyofuata mzigo ukaonekana, sijui ulikuwa umejificha wapi. Ukaingia nchini, ukaingia mjini, na asubuhi moja simu ikasema mleta mzigo yuko karibu nawe. Wifi alikuwa anapinda suruali. Akaiacha ikining'inia kwenye cherehani, akatoka mbio hadi getini, mimi nyuma yake.

Lililosimama lilikuwa gari la kaka yao mkubwa, anayeishi mji mwingine. Hajawahi kuja bila kupiga simu. Wifi hakumpa hata salamu, akamuuliza kilichomleta. Kaka akamwangalia kama mtu aliyemkuta na mali ya wizi.

"Nimekuja kumchukua mama," alisema. "Na wewe uniambie mlitaka kumpeleka wapi."

Kumbe mama alimtuma mteja mmoja, rafiki yake wa siku nyingi, ampigie kaka simu. Mama mwenyewe alikuwa tayari mlangoni, begi mkononi, kitambaa kizuri kichwani. Na pikipiki ya kampuni ikafika wakati uleule. Wifi alitia sahihi bila kutazama, akalichana boksi kwa ncha ya mkasi, akamvalisha mama mashine. Ikapiga mluzi kidogo, ikatulia.

"Unanisikia, mama?"

"Nakusikia," alisema mama. "Umeniondoa dirishani kwangu. Nikiingia mnanyamaza. Nikajua mnanitafutia pa kunipeleka. Nikaona heri niondoke mwenyewe."

Wifi akaapa. Akasema alimweleza kila siku, kuhusu kiti, kuhusu mashine, na wifi yake ni shahidi. Nikasema kweli, mimi nilimsikia.

Mama akanyoosha kidole, akamgusa pembeni ya mdomo. Pini tatu zilikuwa zimebanwa pale. Alitoka nazo kwenye cherehani na hakujua kama anazo.

"Hata sasa unazo," alisema mama. "Wewe ukishona, unasema na mimi kwa meno. Ukizitoa, uso uko kwenye simu. Huyu alikusikia, ana masikio. Mimi niliona mtoto aliyenifungia mdomo."

Wifi akazitoa pini moja moja, akazishika kiganjani. Kaka aliona aibu, akataka kulirudisha begi ndani. Mama akamkatalia. Alisema ameshatoka, hawezi kuurudisha moyo mara moja, atakaa huko mpaka atakapojisikia. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotuumiza. Gari likaondoka.

Wifi hakushona tena siku hiyo. Alikaa kwenye kiti cha mama na simu mapajani, anaifungua, anaifunga. Alasiri ujumbe ukaingia kutoka kwa kaka: tumefika salama. Akausoma, akanionyesha, akauliza nani anayesema hivyo, mbona hajaandika kwamba mama amesema. Nikamwambia ampigie.

"Asipotaka kuongea na mimi je?" aliuliza. Nimeishi naye miaka, nilikuwa sijamwona akiogopa.

Nikaichukua simu, nikapiga mwenyewe, nikaiweka sauti ya juu. Kaka alipokea, tukasikia akiipeleka, tukasikia mlango.

"Ndiyo, nakusikia," ilisema sauti ya mama. "Haya, sema mwanangu."

Wifi akafungua mdomo, asipate hata neno moja. Mama akangoja. Hakukata simu.