Mana Mbili za Mchele
Jirani yangu wa mtaa wa Alby, hapa Stockholm, alikuwa mjane wa Kinepali. Mchele aliupima kwa mana, kikopo cha shaba cha kwao kinachochukua mlo wa mtu mmoja. Mumewe alipofariki aliendelea kupima mana mbili, akihofu kwamba akipima moja, marehemu atajiona amefukuzwa.

Jioni moja nilikuwepo binti yake alipochoka na wali wa kumwagwa.

"Mama, moja tu! Au baba anakuja na treni ya saa kumi na mbili?"

Mama akapima moja. Wali ulipoiva, sahani yake ilijaa, na sufuriani ukabaki wa sahani nyingine kamili.

"Mchele wa siku hizi unavimba," binti alisema, akicheka. Kisha akaenda kuleta sahani ya baba yake.