Homa ya Shoga Yangu Kule Guangzhou

Safari ile niliitaka mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa siku mbili nzima pale Guangzhou sikuwaza kitu kingine.

Tulikuwa wanafunzi huko Wuhan, China, mwaka wa pili, tukisomea uhandisi wa nguo. Mimi natoka Tanga, mwenzangu Unguja, na bwenini tulilala chumba kimoja. Likizo ndefu ya mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, yeye alikwenda kwao na mimi nikabaki kwa kukosa nauli. Aliporudi mwezi wa tisa, na zawadi ya kanga mbili na halua iliyoyeyuka, alinikuta nimeshapanga kila kitu.

"Likizo ya Oktoba tunatoka," nikamwambia. "Begi mgongoni, basi. Changsha, kisha Guangzhou, tumalizie Guilin tukaone ile milima ya kwenye kalenda."

"Shoga, mie nimechoka na safari. Nimetoka kwetu juzi tu."

"Kwenu si safari."

Akacheka, akakubali. Ndivyo alivyokuwa, ukimsukuma kidogo anakufuata.

Changsha ilikwenda vizuri. Tulizunguka siku mbili na mabegi yetu, tukala wali na mayai kila mlo maana ndicho tulichokuwa na hakika nacho. Ila kwenye treni ya kuelekea Guangzhou, katika viti vya mbao tulivyobanwa watu watatu watatu, alianza kulalamika baridi. Behewa lilikuwa joto kama tanuri. Nilimpa kanga ajifunike, nikamwambia ni uchovu. Sikuligusa hata paji lake.

Tulifika asubuhi. Nyumba ya wageni tuliyoelekezwa ikasema vyumba havitakuwa tayari mpaka mchana, kwa hiyo tukavuka mto na mabegi mgongoni kwenda soko la vitambaa la Zhongda. Mwalimu wetu alikuwa akilisifia kila wiki. Kweli lilikuwa la kusifiwa: vichochoro na vichochoro vya majora yaliyopangwa mpaka darini, mikokoteni inapita kwa kelele, watu wanabishana bei kwa Kikantoni, lugha ambayo Kichina chetu cha darasani hakikuambulia neno. Nikasahau kila kitu. Nilikuwa nimeshika kipande cha satini, namuuliza mwenzangu anaonaje kilivyofumwa, nikasikia nyuma yangu kitu kizito kimeanguka.

Alikuwa chini, mgongo umeegemea begi lake. Meno yalikuwa yanagongana. Nilipomgusa shingoni mkono wangu uliruka wenyewe, kwa ule moto.

"Twende nyumbani," akasema.

"Nyumba ya wageni?"

"Nyumbani. Mama anasubiri."

Mama yake alikuwa Unguja.

Mwenye duka, mama mmoja mnene, alisimamisha teksi mwenyewe na kumwambia dereva pa kutupeleka. Hospitalini walimwingiza haraka, wakampima joto, wakaanza kuulizana. Daktari kijana aliyevaa barakoa akanigeukia.

"Mnatoka wapi?"

"Wuhan."

"Kabla ya Wuhan."

"Afrika," nikasema. "Tanzania. Yeye amerudi majuzi, wiki tatu tu."

Nilidhani nimemsaidia. Lakini nilimwona akirudi hatua moja nyuma. Akasema jambo kwa muuguzi, muuguzi akatoka mbio, na baada ya muda mfupi kitanda cha mwenzangu kikasukumwa kupitia mlango wa mwisho wa ukumbi, na mlango ukafungwa. Nilipotaka kufuata nikazuiwa. Watu waliokuwa wamekaa nami kwenye benchi waliinuka mmoja mmoja wakaenda kusimama upande wa pili.

Nikabaki na mabegi yote mawili, langu mgongoni, lake kifuani. Sikujua niyaweke wapi.

Daktari alirudi kunieleza, polepole, kama anayesema na mtoto. Homa kali, inatoka mbali, hawaijui. Gari linaandaliwa. Watampeleka hospitali nyingine, ya magonjwa ya kuambukiza, nje kidogo ya mji. Mimi siruhusiwi kupanda. Nitapigiwa simu.

"Simu gani?" nikamuuliza. "Sina simu. Mimi sina mtu hapa."

Akayatazama yale mabegi mawili. Hakuwa mtu mbaya. Nilimwona machoni kwamba naye anaogopa.

Mimi nilijua ni nini. Mtoto yeyote wa Tanga angejua: baridi kwenye joto, meno kugongana, maneno yasiyo na mpango. Malaria. Lakini neno lenyewe kwa Kichina sikuwahi kufundishwa. Nilikuwa na maneno ya nyuzi, rangi na mashine za kufumia, mamia ya maneno, na hilo moja sikuwa nalo. Nilisema "malaria" kwa matamshi yote niliyoweza kubuni, na daktari akatikisa kichwa kila mara. Kumbe nilikuwa nimeanza kulia bila kujijua. Kichwani nilikuwa ninatunga maneno ya kumwambia mama yake kwa simu, na kila sentensi niliyoianza ilianza na mimi: mimi ndiye niliyemtoa, mimi ndiye niliyemwambia ni uchovu.

Neno la mbu nililijua. Wachina wanamwita kwa jina linalotamkwa karibu sawa na "wenzi", na bwenini tulikuwa tukitaniana kwamba jana tumelala na wenzi. Basi nikasema, "Wenzi! Wenzi amemuuma! Homa ya wenzi!" Muuguzi mmoja akacheka kidogo nyuma ya barakoa yake. Nikatoa daftari langu begini, nikachora mbu. Nikachora mtu amelala, na mbu juu ya mkono wake, na tone la damu. Nilichora kwa haraka hata mbu akatoka kama panzi. Nikaenda nikiwaonyesha wote waliovaa koti jeupe: aliyepita na sinia, aliyesukuma mtungi wa gesi, wote.

Aliyesimama alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, nywele zimekatwa usawa wa masikio, amebeba kikapu cha chupa ndogo za damu. Alikuwa wa maabara. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, akanitazama mimi.

"Baridi halafu joto?" akaniuliza. "Halafu jasho?"

"Ndiyo. Ndiyo, mama."

"Niliwahi kupelekwa kufanya kazi kisiwa cha Hainan nilipokuwa msichana," akasema. "Miaka mitatu. Kule homa hii ilikuwa kila nyumba." Kisha akalitamka neno lenyewe, lile nililolikosa, na akanirudishia mara mbili ili nilishike. Sijalisahau mpaka leo.

Alikwenda kugombana na daktari. Walisemezana Kikantoni, sikuelewa kitu, nikawa natazama nyuso tu. Gari lilikuwa limeshafika. Nililiona kupitia dirishani, mlango wa nyuma uko wazi. Yule mama akapita ule mlango uliofungwa bila kumwomba mtu ruhusa, akatoka na kioo kidogo chenye tone la damu, akaingia maabara.

Sijui nilisubiri muda gani. Nilisoma Ayatul Kursi mara nyingi hata nikaanza kuchanganya maneno. Dereva wa lile gari aliingia, akauliza kitu, akaambiwa angoje. Jua lilikuwa bado kali nje yule mama aliponiita kwa kidole. Akaniinamisha kwenye hadubini. Niliona pete ndogo za zambarau, nyingi, zimejaa ndani ya chembe za damu, nzuri kabisa kama urembo wa kitambaa.

"Nyingi mno," akasema. "Kesho tungekuwa tumechelewa."

Dereva akaambiwa aondoke. Dawa ililetwa kutoka ghala la nje ya hospitali, sindano itokanayo na mmea wa kwao, na usiku ule na siku iliyofuata nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda nikimwangalia akipumua. Aliniita kwa jina la dada yake. Aliniomba maji ya kisima. Mara moja alinyamaza muda mrefu mno, nikamtikisa bega kwa nguvu mpaka muuguzi akanifokea.

Asubuhi ya tatu aliamka macho meupe, akauliza kwa nini kanga yake mpya imekunjwa vile kama tambara. Nikamwambia nitaikunja upya. Nikatoka nayo nje ukumbini, nikakaa sakafuni, nikaikunja na kuikunjua na kuikunja tena huku watu wakinipita.

Yule mama wa maabara nilimtafuta nimshukuru, nikaambiwa zamu yake imekwisha. Guilin hatukufika. Tulirudi Wuhan kwa treni, mabegi yote mawili nimebeba mimi.

Leo mwenzangu anaishi Unguja, ana wajukuu wawili. Wageni wakija nikiwa kwake, hupenda kuwasimulia jinsi tulivyozunguka China na mabegi mgongoni kama wazungu. Anasimulia Changsha na yale mayai, anasimulia majora ya Zhongda. Kisha hunigeukia na kuniuliza, "Hivi, Guangzhou tulikaa siku ngapi vile? Mie baada ya yale majora sikumbuki kitu." Namwambia siku tano, na ninamwongeza chai.