Ni Nani Alimtuma Claudine

Pale mtaani Kabondo, wake na waume wakigombana, mtu wa kwanza kuitwa alikuwa Mama Pélagie. Aliuza samaki wa moshi kutoka kwao Yanonge, na sauti yake ilisikilizwa na mtaa mzima.

Ndiyo maana, siku watu walipokutana kuchagua kiongozi wa komite ya kuzuia korongo, macho yote yalimwelekea. Korongo lilianza kama mfereji mdogo nyuma ya nyumba. Kila mvua kubwa ilimega ardhi, hadi likafika karibu na ukuta wa Koko Viviane, bibi kizee aliyepooza miguu. Mwalimu Claudine, ambaye wazazi wake walitoka Maniema, alijitolea kuongoza. Alitaka mtaro uchimbwe wa kugeuza maji, na kila asiyeweza kutembea apangiwe watu wa kumbeba mvua ikizidi.

Wanaume walikuwa bado kimya. Aliyesema ni Pélagie.

“Mama Claudine iko na akili,” alisema, “lakini kuamrisha wababa haiko kazi ya mwanamuke. Tumupatie Papa Lambert.”

Watu wakapiga makofi. Claudine akakaa.

Papa Lambert hakuwa mtu mbaya, ila biashara yake ya dhahabu ilimweka mbali, huko Bafwasende, wiki baada ya wiki. Mtaro ukabaki maneno, na mpango wa kuwabeba wagonjwa ukasahaulika.

Kisha ikaja mvua iliyonyesha tangu alfajiri bila kupumua. Asubuhi hiyo Claudine alipita mlango kwa mlango akigonga sufuria, akiwaambia watu watoke. Wengi walitoka. Kwa Koko Viviane alihitaji mikono ya wanaume, akawaomba waliokuwa wamejikinga chini ya bati la jirani.

“Ni nani alikutuma?” mmoja wao akamuuliza. “Tumungojee Lambert.”

Pélagie alisikia akiwa mlangoni kwake. Alitaka kupaza sauti awaambie waende, lakini aliona haya kumpinga mtu aliyekuwa akifuata maneno ambayo yeye Pélagie aliyasema mkutanoni. Alipopata nguvu ya kuita, ukuta ulikuwa umeshaanguka. Koko Viviane alitolewa chini ya matofali akiwa amekufa.

Kwenye matanga hakuna aliyemlaumu. Walimlaumu Lambert, wakailaumu mvua. Pélagie aliwapikia waombolezaji, yeye mwenyewe hakula. Mwishowe alimfuata Claudine nyuma ya nyumba, akamwomba achukue komite. Akaahidi kwamba yeye mwenyewe atasimama mbele ya wote kumuunga mkono.



“Siku ile nilikuwa nangojea mama moja tu aseme naweza,” Claudine alisema. “Nilikuwa naangalia weye.”



Mkutano wa pili ulimchagua Claudine, na Lambert akawa wa kwanza kuinua mkono. Mtaro ulichimbwa, wababa na wamama pamoja, mianzi ikapandwa ukingoni. Mvua ikitanda sasa, Pélagie huacha samaki wake sokoni na kukimbia kumbeba mzee aliyepangiwa yeye, hata kama ni manyunyu tu.

Watu humsifu. Husema kwamba Mama Pélagie ndiye aliyewafungua macho, kwamba bila yeye wababa wasingemkubali mwanamke. Husema hivyo hata mbele ya watoto wa Koko Viviane. Naye huinama, akijifanya anafunga kitenge chake vizuri, mpaka wabadilishe mazungumzo.