Kokoto Ndani ya Kibuyu

Asubuhi hiyo Nyamwaga ilijaa ukungu uliopanda kutoka migombani, hata shule yetu ikaonekana kama inaelea. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mkaguzi wa shule alikuja kupima akili zetu. "Siyo za kukariri," alisema, "za kubuni."

Darasa la nne lilikuwa na wasichana wawili tu, mimi na dada yangu. Alinizidi miaka miwili, lakini tulianza shule siku moja. Nafasi ya msichana kwenda shule ya bweni ilikuwa moja.

Mkaguzi akauliza: "Ng'ombe wanarudi zizini. Hujui hesabu. Utajuaje kama mmoja amepotea?"

Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Kuwahesabu ni kuwaitia mkosi.

Dada akasimama. "Nitasikiliza ndama, bwana. Atakayezidi kulia, mama yake hajarudi."

"Na fahali je?" mvulana mmoja akapaza sauti. "Naye analiliwa na nani?"

"Fahali ana mwenzake wa kupigana naye. Ukimwona huyo ametulia, ujue mwingine hayupo."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi naye alitabasamu, ila hakuandika kitu.

Nikasimama mimi. "Asubuhi kila ng'ombe anayetoka natia kokoto moja kwenye kibuyu. Jioni kila anayeingia natoa moja."

"Vizuri sana! Umefikiria mwenyewe?"

"Ndiyo, bwana."

Sikufikiria. Jana yake nilipompelekea mwalimu wetu maji, alinipa jibu hilo na kunionya nisimwambie mtu. Nikamficha hata dada, niliyelala naye juu ya ngozi moja.

Nafasi nikapewa mimi. Bwenini nilikaa miaka miwili, nikashindwa, nikarudi. Dada alikuwa ameshaolewa upande wa Natta. Hakuwahi kuniuliza. Mara moja tu, tukipura mtama, alisema, "Zile kokoto zako zilikuwa jibu zuri." Nikaendelea kupura.

Mwezi uliopita tulimzika. Jioni ya mazishi ng'ombe wake walirudi, na vumbi lao likawa kama ule ukungu. Nilisimama mlangoni pa zizi. Ndama walilia, kisha mmoja mmoja wakapata mama zao, wakanyamaza. Mpaka pakawa kimya kabisa.

Wote walikuwa wamerudi. Ndipo nikasema kwa sauti, kwa Kikurya chetu, kwamba kokoto hazikuwa zangu.