Zambarau, Ndimu na Ukuta wa Mama Mkwe

Fundi rangi wetu aliitwa Mikono Miwili, na si kwa sababu wengine mtaani walikuwa na mmoja. Ukipaka ukuta rangi mara moja, mafundi husema umepiga mkono wa kwanza. Ukirudia, wa pili. Yeye alikuwa hashuki ngazi kabla ya mkono wa pili, hata mwenye nyumba amsihi, hata mvua ianze kudondoka. Wateja wengine walimpenda kwa hilo. Wengine, hasa walionunua rangi ya kutosha mkono mmoja tu, walimtukana huku wameishika ngazi yake.

Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nyembamba isiyoendana kabisa na lile tumbo. Kwa miaka mingi alipaka vitu vya huzuni: wodi, korido za ofisi, madarasa. Kijivu chini, maziwa juu. "Nimepaka kijivu mpaka nikaanza kukiota," alimwambia mkewe, ambaye alikuwa msusi na hakuwa na huruma. Mkewe alimjibu kwamba afadhali yeye anaota kitu.

Kisha kampuni mbili za simu zikaingia vitani, na vita vyenyewe vikapiganwa mtaani kwetu. Majina yao yalikuwa na herufi zisizopatana na ulimi wa mtu yeyote, kwa hiyo tukaziita kwa rangi zao: Zambarau na Ndimu. Zambarau walitoa simu yenye kamera mbili mgongoni. Watu hawajamaliza kuibandua nailoni yake, Ndimu wakatoa yenye tatu. Zambarau wakarudi na ya kamera nne, ile ya nne, kwa maelezo ya kinyozi, ikiwa ni ya kuzipiga picha zile tatu nyingine. Ndimu wakasema betri yao inakaa siku nzima. Zambarau wakasema ya kwao inakaa siku nzima na inaweza kuichaji simu ya jirani.

"Bado kuosha vyombo," alisema msusi. Lakini naye alinunua.

Kila mtu alinunua. Muuza nyama alinunua, akawa anapiga picha kila paja kabla ya kulikata, na foleni inangoja. Seremala wa majeneza alinunua, akaanza kuwaonyesha wafiwa bidhaa zake kwenye kioo, akizivuta kwa kidole kama anayechagua viatu. Walinunua hata watu ambao tangu tuwajue hawakuwa na mtu wa kumpigia.

Sasa, wakubwa wa kampuni waligundua kwamba mtu huishia kununua rangi ambayo macho yake yameizoea. Kwa hiyo wakaamua kuupaka mtaa. Ukiwa na kibanda, mlango, au hata kipande cha uzio kinachosimama bila kushikwa, walikuja kukipaka bure. Kinyozi akawa wa zambarau. Muuza nyama akawa wa ndimu, kijani kikali kile, na nyama yake ikaonekana kama inaumwa. Na kwa kuwa Mikono Miwili ndiye pekee aliyekuwa na ngazi ndefu, kampuni zote mbili zilimwajiri, kila moja ikiamini kwamba ni mtu wake.

Upande wa Zambarau alikuwa meneja kijana, mwembamba, aliyetembea kama mtu anayeitwa jukwaani. Tulimwita Uzinduzi. Alizindua simu, alizindua mabango, na siku moja alizindua feni ya ofisi yake kwa kukata utepe, feni ikaunyakua utepe ule na kuutafuna. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni na akamwacha mchumba wake kwa sababu alimkuta na simu ya Ndimu. Upande wa Ndimu alikuwa Dada Asilimia, mwanamke wa miwani na hatua za haraka, ambaye hakuweza kusema amelala vizuri bila kutaja kwa asilimia ngapi.

Mikono Miwili alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu harusi yake, na pengine hata kabla. Asubuhi fulana ya zambarau, alasiri fulana ya ndimu. Mkewe akazifua pamoja kwenye beseni moja, zikatoka zote mbili na rangi ya maji ya mtaro. Tangu hapo akawa anapaka kifua wazi, na hakuna kampuni iliyoweza kumdai uaminifu.

Ukuta uliotamaniwa na wote ulikuwa mmoja tu. Ulikuwa mrefu, uko njia panda, unatazamana na kituo cha basi, na ulikuwa wa mama mkwe wake.

Mama huyu alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikiwa uchi na inalia, kwa hiyo hakukuwa na mkubwa aliyeweza kumtisha. Siku Mikono Miwili alipompeleka Uzinduzi kuuomba ukuta, aliingia uani amejikunja, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Na huyu mtoto?"

Uzinduzi akajitambulisha kwa cheo chake chote. Akaeleza mageuzi ya teknolojia, soko linalokua, na heshima atakayoipata mama kwa kuwa sura ya Zambarau. Mama alimtazama usoni.

"Wewe si wa yule fundi viatu? Nakukumbuka. Ulikuja ukitanguliza makalio." Akamgeukia mkwewe. "Anipakie ukuta, sawa. Lakini ukuta umepasuka kama kisigino. Utapakwaje bila plasta?"

Zambarau wakapiga plasta. Mikono Miwili akasugua kwa msasa, akapiga rangi ya msingi, kisha mkono wa kwanza na wa pili, mpaka ukuta ukang'aa kama jino jipya. Uzinduzi akaja na spika mbili, akauzindua.

Rangi haijatulia vizuri, Dada Asilimia akafika uani kwa mama, jasho linamtoka. Mauzo ya Ndimu kituoni pale yalikuwa yameanguka. Mama alimkaribisha, akamsikiliza, akamwonea huruma, kisha akatazama juu, kwenye mabati yaliyotoboka. Dada Asilimia naye akatazama juu. Hawakuhitaji kuongea zaidi.

"Mkwe wangu," mama aliita jioni ile, "kesho njoo na ile kijani ya kuumiza macho."

"Lakini mama, si uliwaahidi Zambarau?"

"Niliwaahidi wataupaka. Hawakuupaka?"

"Waliupaka."

"Basi. Kuna mahali niliahidi kwamba hautapakwa tena?"

Hivyo mama akapata mabati mapya. Uzinduzi alipouona ukuta aliweka mikono kichwani, kisha akaleta geti la chuma, na zambarau ikarudi. Ndimu wakaleta tangi la maji. Zambarau wakaweka vigae sebuleni, ingawa hakuna abiria wa basi aliyewahi kuiona sebule ya mama. Watu walioelekezwa washuke kwenye nyumba ya zambarau walipitilizwa hadi mwisho wa safari, wakarudi kwa miguu na kumtukana kondakta, ambaye naye alimtukana Mikono Miwili, aliyekuwa juu ya ngazi na hana pa kukimbilia.

Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuingiwa na majonzi. Kila siku alikuwa akifunika kazi yake nzuri kwa kazi yake nzuri. "Kuna mikono chungu nzima mle ndani," alimwambia mkewe, "na hakuna atakayejua kwamba yote ilinyooka." Mkewe alimwambia ale chakula kingali moto.

Siku moja kukawa na kosa. Dada Asilimia alimwagiza ndimu, Uzinduzi akaahidi kuja kuikagua zambarau yake, na wote wakatokea asubuhi ileile. Walimkuta amefika katikati: kushoto ndimu mpya, kulia zambarau ya zamani, na yeye kati, tumbo limegusa mpaka.

"Fundi! Unafanya nini?" alifoka Uzinduzi.

"Anafanya kazi yangu," alisema Dada Asilimia.

"Huyu ni fundi wangu!"

"Ni wako kwa asilimia sifuri!"

Wakaanza kutukanana kwa lugha ya ofisini, ambayo inauma zaidi kwa sababu inabidi uifikirie. Uzinduzi akatoa simu yake ampige picha mwenzake kama ushahidi. Dada Asilimia akatoa yake. Wakasimama wanapigana picha, kila mmoja akisogea mbele, mpaka simu zikagongana vioo. Abiria wakashuka basini bila kufika wanakokwenda. Nao wakatoa simu zao, wakaanza kushindana ni ipi inayoonyesha vizuri zaidi mishipa ya shingo ya Uzinduzi.

Mama akatoka na kiti, akakaa getini, lile geti la Zambarau, chini ya kivuli cha mabati ya Ndimu.

"Mkwe wangu, acha hapohapo ulipofika," alisema. "Piga mstari. Nusu huku, nusu kule. Na nyinyi wawili, anayetaka nusu ya mwenzake, aniambie kwanza jiko langu litajengwa na nani."

Ukuta wa nusu kwa nusu ulitia fora. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kusimama kwenye mstari na kupiga picha, simu moja mkono wa kushoto, nyingine wa kulia, wakibishana ipi inadanganya vizuri zaidi kuhusu ngozi zao. Mauzo yalipanda pande zote mbili. Dada Asilimia alizitaja namba hadi koo likamkauka.

Katikati ya shangwe hiyo ndipo rangi ilipomwishia fundi. Kwa kawaida aliletewa, lakini gari lilikuwa limeharibika, kwa hiyo Zambarau wakamwambia aende mwenyewe ghalani kwao, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Akaenda, akachukua ndoo zake. Mchana, Ndimu nao wakamwambia aende ghalani kwao. Akafuata maelekezo, kona baada ya kona, akajikuta nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Mtunza ghala alikuwa yuleyule. Kofia tu ndiyo aliyobadilisha.

"Wewe si ndiye wa asubuhi?" aliuliza Mikono Miwili.

"Asubuhi nilikuwa Zambarau."

Ndani, maboksi ya simu yalipangwa safu mbili, na vibarua walikuwa wakiyahamisha kutoka safu moja kwenda nyingine, wakibadilisha karatasi ya juu.

"Kwani mwenye mali hii ni nani?"

"Baba mwenyewe ni mmoja," alisema mtunza ghala. "Anazo kampuni mbili ili ukikasirikia moja ukimbilie nyingine. Usiniulize zaidi. Kofia ninazo mbili, mshahara unatoka dirisha moja."

Mikono Miwili alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Alisimulia akiwa amesimama, bado ameshika ndoo. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo siku zote hizi namkamua mtu yuleyule mmoja?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe Mungu ananipenda," alisema mama, akacheka mpaka ikabidi ashikwe.

Uzinduzi hakuamini. Fundi alimweleza kwa upole, akamweleza tena, na kijana akazidi kupandisha sauti. "Wale ni maadui zetu!" alisema. "Mimi niliacha mchumba!" Fundi akachukua ndoo yake, akarudi kwenye ngazi.

Haikupita muda mrefu yule baba mwenyewe akaona kuendesha vita vya pande mbili kunachosha, akaziunganisha kampuni. Jina jipya, rangi nyeupe, na meneja mmoja. Walimchagua Dada Asilimia. Uzinduzi alifukuzwa kwa ujumbe ulioingia kwenye simu yake ya kamera nne.

Mtaa mzima ukapakwa rangi nyeupe, na kwa fundi hiyo ikawa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Aliifanya kwa heshima, ila bila kupiga mluzi. Dada Asilimia alipofika kwa mama kuuomba ukuta, mama aliuliza wataleta nini safari hii. Akaonyeshwa kalenda.

"Kalenda?"

"Na kalamu, mama. Sasa hivi hatuna mshindani."

"Nimeelewa," alisema mama. "Nendeni salama. Na kalenda yenu." Ukuta wake ukabaki na rangi zake mbili, peke yake katikati ya weupe ule wote.

Uzinduzi alikuja kwa Mikono Miwili asubuhi moja, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia bila kuficha. Msusi alimletea chai na kwa mara ya kwanza akakosa neno la kejeli. Fundi alimwacha amalize.

"Unajua kushika rola?"

"Sijui."

"Kupanda ngazi je?"

"Naogopa urefu."

"Vizuri. Utaanzia chini."

Siku hiyo walikuwa kwa seremala wa majeneza, kupaka karakana. Kabla ya saa ya chakula, Uzinduzi alikuwa amemshawishi seremala kwamba marehemu wa kisasa hapendi jeneza la kahawia, na wakaagizwa kupaka majeneza pia, kila moja rangi yake. Mchana alijisahau, akapanda ngazi ili amwoneshe mteja jambo fulani huko juu, akatazama chini na akaanguka kwenye maranda ya mbao, miguu hewani. Seremala akakimbilia simu yake ampige picha. Mikono Miwili alicheka hadi akakaa chini, kisha akamwinua, akampangusa vumbi la mbao mgongoni, akamwambia aende nyumbani akapumzike.

Kesho yake kijana alirudi anachechemea, na mkononi alikuwa na brashi yake mwenyewe, mpya, bado iko kwenye nailoni.