Mtu wa Rodaje Amefika Mwisho wa Safari

Habari ilinikuta Jumanne asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye duka la fundi viatu hapa Ruti, mjini Mbarara, na kiatu kimoja mguuni. Mtu mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale alinipigia simu, akanisalimia kirefu kama ilivyo desturi yetu, kisha akasema jirani yake, yule mzee wa rodaje, ametutoka. Nikauliza swali ambalo, nilikuja kugundua baadaye, kila mtu aliyepata habari ile aliliuliza: ameangukia wapi? Mtu aliyeishi juu ya pikipiki miaka yote hiyo, kwenye barabara za Mbarara na Isingiro zenye malori ya ndizi, ungetegemea afie wapi kama si barabarani? Jirani akanijibu kwamba hakuanguka popote. Aliugua siku chache tu, akalala kitandani kwake, mke wake alipomletea uji akakuta amekwisha kwenda. Nilihuzunika, tena sana, lakini katikati ya huzuni hiyo nilitabasamu. Maisha yake yote alijisifu kwamba hajawahi kuanguka na pikipiki, na sasa hakuna atakayeweza kumbishia.

Kwa wasiomfahamu, nieleze kazi yake, maana si kazi ya kawaida. Sisi tuliotoka Kivu, na majirani zetu wa Burundi, husema pikipiki mpya iko kwenye rodaje, yaani kipindi kile cha mwanzo ambapo injini bado ngeni na haitakiwi kukimbizwa wala kubebeshwa mzigo. Mtu wa kambini akijikusanya mpaka akanunua pikipiki mpya Mbarara ili aifanyishe bodaboda, anakuwa na hamu ya kuiingiza kazini siku hiyo hiyo, na huo ndio mwanzo wa kuiua. Kwa hiyo watu walimkabidhi huyu mzee. Aliitoa dukani, akaiendesha taratibu wiki kadhaa, Nakivale na Mbarara, akizunguka hadi Biharwe upande huu na barabara ya Kabale upande ule, kisha akamrudishia mwenyewe ikiwa imetulia. Alivaa koti zito la mvua hata jua likiwa utosini, na aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini mwendo mzima. Mimi, ambaye wasomaji wa ukurasa huu mnajua sina subira hata ya kungoja chai ipoe, nilipanda nyuma yake mara moja nikaapa sitarudia. Kwenye mteremko mmoja tulipitwa na baiskeli iliyobeba mikungu ya matoke. Mwenye baiskeli alitupungia mkono kwa huruma. Mzee akampungia pia, akaendelea kuimba.

Na kwa kuwa alikuwa akienda mjini kila mara na pikipiki isiyoruhusiwa kubeba kizito, watu walimtuma vitu vyepesi visivyopatikana kirahisi. Ugenini mtu hukumbuka vitu ambavyo kwao hakuvijali. Mmoja alitaka nyuzi za gitaa la kwaya, mwingine mbegu za mboga ya lengalenga zilezile za kwao, katekista mmoja Mrundi alitaka miwani ya kusomea, na kina mama walitaka uzi wa kufumia vitambaa vya meza. Mzee alivitafuta duka kwa duka, kisha akaja kwenye baraza yangu kupumzika na kuchaji simu. Hapo ndipo aliponitoa jasho. Hakuwahi kumchagulia mtu kitu. Akikosa kile alichotumwa, hata kama kilichopo kimefanana nacho kabisa, lazima apige simu, tena kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: “Mama, buluu ya mbingu iko, buluu ya shule haiko. Nilete ao niache?” Simu ikikatika, anapiga tena. Mama akisema ngoja nimuulize dada yangu, anangoja. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamwambia, mzee, si uchague tu, uzi ni uzi! Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. “Muzee,” akasema, ingawa yeye ndiye aliyenizidi umri, “ile kitambaa haiko yangu. Nitachagua je?” Nikamwona mbishi. Mke wangu alimwona mwenye akili kuliko mimi, na hakunificha.

Jambo ninalotaka kuwasimulia lilitokea siku ile ile niliyopanda pikipiki yake. Nilikuwa nimekwenda kumwona dada yangu anayekaa Juru, kule kambini, na sikupata usafiri mwingine wa kurudi mjini. Mzee alikubali kunibeba baada ya kunitazama juu hadi chini na kuona sina nyama nyingi. Pikipiki ilikuwa mpya kabisa, nailoni bado iko kwenye kiti, na mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kirundi anayeuza unga wa muhogo pale Juru. Huyu mama alikuwa na mpango mmoja tu duniani: pikipiki hiyo ifanye kazi, naye aache kuamka na magunia kichwani, maana mgongo ulikuwa umeanza kumkatalia. Habari za pikipiki yake kila mtu pale alizijua, na kila mtu alimwombea. Tulikwenda mwendo wetu wa maiti, baiskeli ikatupita kama nilivyosema, na kabla ya kufika kwenye lami tukakuta gari dogo la abiria limeharibika pembeni mwa barabara ya vumbi.

Mama mmoja wa Kinyankore alitoka kwenye kundi la abiria akasimama mbele yetu, mikono yote miwili hewani. Alikuwa amevaa gomesi, lile gauni la heshima la kina mama wa Uganda, viatu ameshika mkononi. “Ssebo, bwana, nisaidie,” akasema. “Mutoto yangu iko hospitali Mbarara. Iko mubaya sana. Wamepiga simu, wanasema kuja mbio.” Nilishuka hata kabla hajamaliza. Nikavua kofia ya pikipiki nikampa. Mtu yeyote angejua la kufanya: apande, mzee akaze uzi, watu wafike. Lakini mzee hakuwasha. Alitia mguu chini, akatoa simu kwenye koti lake, akapanda kwenye tuta la udongo kutafuta mtandao. Nikamuuliza anampigia nani. Akasema anampigia mwenye piki.

Nilichemka. Nilimpigia kelele mbele ya watu wote: mpeleke, utaeleza baadaye! Simu ya kwanza haikupokelewa. Yule mama alikuwa ameanza kulia kimyakimya, kofia yangu mikononi. Mzee akapiga tena, na bila kunigeukia akasema: “Unasema vile sababu piki haiko yako. Na miye haiko yangu. Hapa hakuna mwenyewe. Miye sipendi kuwa mutu muzuri na kitu ya wenyewe.” Ndipo simu ikapokelewa, spika imefunguliwa kama kawaida yake ili mtaa mzima usikie, na kilichosikika kwanza ni mashine ya kusaga. Mama wa unga akasema ngoja nitoke nje. Tukangoja atoke nje. Sijui kama nimewahi kungoja kitu kirefu hivyo.

“Mama, samahani,” mzee akasema. “Iko mama moya hapa mu njia, gari yao imeharibika. Mutoto wake iko mu hospitali Mbarara, anaweza kufa. Nikimubeba pole pole hatamukuta. Nikikimbiza, moteri yako inaweza kuharibika, iko bado mu rodaje. Piki ni yako. Unasema je?”

“Ni nani huyo?”

“Simujue, mama.”

“Ni wa kwetu?”

“Hapana. Ni wa hapa hapa, Munyankore.”

Mashine ilikuwa ikisikika kwa mbali.

“Hiyo piki nimeingoja sana, baba.”

“Najua, mama.”

“Basi mupeleke. Kimbiza. Ni miye nimesema.”

Mzee akashuka tutani, akampandisha mama, akawasha. Sijui huo mwendo alikuwa ameuficha wapi miaka yote. Tuliobaki tuliona vumbi, kisha hatukuona hata vumbi. Nilikaa na dereva wa lile gari hadi jioni, na katika saa zile nilikuwa bado nimekasirika. Niliona alipoteza muda. Nilijiambia kwamba kama yule mama angekosa kumwona mwanawe kwa sababu ya simu, tungemlaumu nani?

Alimwona. Alimkuta binti yake macho wazi, wakazungumza, akamshika mkono. Binti alifariki kesho yake mama akiwa kando ya kitanda. Na pikipiki iliharibika. Mafundi wanabishana mpaka leo kama kweli ni safari ile moja iliyoiharibu, lakini tangu siku hiyo ilianza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu, na abiria wa Juru wakawa wanapanda nyingine kwanza wakiogopa nguo zao kunuka. Mama wa unga hakuacha magunia kama alivyotarajia. Aliyabeba miaka mingine. Mzee alikwenda kwake kuomba radhi, akataka kusaidia matengenezo. Mama alimkatalia mlangoni: “Ulikimbiza weye, lakini nilisema miye. Usininyang’anye.” Nilipoelezwa maneno hayo nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kuyaelewa. Baada ya matanga yule mama wa Kinyankore alikuja Nakivale na mkungu wa ndizi akimtafuta mtu wa kumshukuru, na wala hakwenda kwa mzee. Mzee alikuwa amemwambia tangu pale hospitalini kwamba yeye ni dereva tu, mwenye wema yuko Juru, anauza unga. Wale kina mama wawili wanatembeleana hadi leo. Mmoja hajui Kirundi, mwingine Kinyankore chake ni cha kuombea maji, na bado wanaweza kushinda mchana mzima pamoja wakimenya muhogo.

Nimeishi ugenini muda wa kutosha kujua kwamba watu wema si haba. Tumepokelewa, tumelishwa, tumefunikwa mablanketi, na mimi ni wa mwisho kukosa shukrani. Lakini ukiwa mkimbizi unazoea jambo moja polepole mpaka unasahau kwamba linauma: mambo yako yanaamuliwa na watu wenye nia njema ambao hawakukuuliza. Nakumbuka waliwahi kuletwa majiko mazuri kwelikweli, yasiyokula kuni, ila sufuria ya familia ya watu wengi haikukaa juu yake. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Ila hakuna aliyeuliza. Tena si wageni peke yao. Sisi wenyewe kwa wenyewe tunafanyiana hivyo, mume kwa mke, mzazi kwa mtoto, kiongozi wa kanisa kwa waumini, na mimi kwa wote ninaowaharakisha. Siku ile mzee angekimbiza bila kuuliza, sote tungemsifu, na mama wa unga angekuwa mtu aliyeharibiwa mali yake kwa sababu nzuri. Kwa simu moja aligeuka kuwa mtu aliyetoa. Hasara ni ile ile, oili ni ile ile, moshi ni ule ule. Lakini nimeona jinsi anavyotembea Juru, na nawaambia si kitu kimoja.

Tulimzika Alhamisi. Bodaboda wa kambi nzima walikuja, na mnajua desturi ya vijana wa steji mwenzao akifa: wanavumisha injini mpaka masikio yanaziba, wanapiga honi, wanainua tairi la mbele, ndiyo heshima yao. Walikuwa wamekwisha kuwasha pale mwenyekiti wa steji, kijana mwenye kelele kuliko wote, alipowapa ishara wazime. Akaenda alipoketi mke wa marehemu, akachuchumaa mbele yake. “Mama,” akasema, “tumupeleke na makelele ao tumupeleke pole pole? Unasema je?” Mke wa marehemu alifuta uso kwa kitenge, akafikiri. Tukangoja. Kisha akasema, “Mumupeleke mu rodaje.”

Tukampeleka hivyo. Mbele kabisa, baada ya jeneza, ilikwenda pikipiki ya mama wa unga ikitoa moshi wake, mwenyewe amekaa nyuma na rafiki yake wa Kinyankore amebanwa kati yake na dereva. Mimi nilikuwa nyuma sana, juu ya pikipiki ya kijana aliyekuwa akiteseka kwa mwendo ule kama ninavyoteseka mimi. Karibu na makaburi baiskeli yenye matoke ilitufikia. Mwenyewe hakutupita. Alishuka, akavua kofia, akaisukuma baiskeli yake pamoja nasi mpaka mwisho.

Nilichobaki nacho kutoka kwa yule mzee ni hiki: kitu kikiwa cha mwenzako, wema unaotoka ndani yake nao ni wake. Kazi yako ni kumuuliza, kisha kumngoja ajibu. Kuuliza nimeanza kujifunza. Kungoja, mke wangu atawaambia, ndiko bado kunanishinda.