Mchukuzi Aliyeachwa Darajani

Kitabu chenyewe nilikinunua Makadara, kando ya njia. Kinene kama tofali, jalada limeng'oka, na ndani ni vita tu: wafu wanafufuka, wachawi wanakula ndimi za watu, wafalme wanachomeana miji. Nikakipenda papo hapo. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi iliyong'oka kurasa za mwisho, kwa hivyo maneno mengine nikiyabuni, wala sijuti.

Kila baada ya laasiri nikikaa barazani kwetu Mji wa Kale, nikiwasimulia wenzangu kwa Kiswahili. Asiyekosa ni sahibu yangu, Mgiriama, hamali wa soko la Marikiti, mbeba mizigo. Kusoma hakujui, lakini kumdanganya huwezi.

"Hao askari hula nini?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Haikuandikwa."

"Jeshi zima hilo halina hata sufuria? Huyo mwandishi hajaona njaa."

Nikamtetea mwandishi mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Kitabu changu hakitukanwi na mtu ila mimi.

Mlikuwa na mchukuzi humo, anambebea jemadari hema, ngao na masanduku. Kuna siku alimbeba jemadari mwenyewe mgongoni, akamvusha kinamasi. Sahibu yangu akapiga paja. "Huyo ndiye mimi! Na jemadari ni wewe, kwa huo mdomo." Toka siku hiyo, hata salamu hanipi, huuliza tu: "Mtu wangu yuaje?" Akaniapisha nisimfiche kitu.

Basi nikafika kwenye daraja. Wafu wanakuja mbio, mchukuzi kavunjika mguu, jemadari kamtazama, kisha kaamuru daraja likatwe. Nilikipiga kitabu ukutani, chokaa ikamwagika. Jioni barazani nikasema kama kilivyosema, ila kwa kelele: "Kafa! Wamemwacha, mbwa wale! Wamemwacha peke yake!" Sahibu yangu akajishika kichwa.

Nyanyangu alikuwa ndani anakuna nazi. Kwetu msiba hausubiri maelezo. Akatoka na leso kichwani, "Inna lillahi" mdomoni, na kabla sijafumbua kinywa jirani wa mbele ashaleta mikeka, mwingine auliza maiti ataswaliwa msikiti gani. Ikanibidi nisimame niwaambie watu kwamba marehemu yumo kitabuni.

Matusi niliyoyala siku ile sitayarudia. Jirani alikunja mikeka yake akaniita shetani wa makaratasi. Nyanyangu na sahibu yangu peke yao hawakuondoka.

"Na wamemzika?" nyanya akauliza.

"Hawakumzika, nyanya. Walikata daraja wakaenda zao."

"Hawakurudi hata kumchukua?"

"Sijui. Kitabu hakijesha."

Sahibu yangu akainuka. "Jemadari akirudi kumchukua, njoo Marikiti uniambie. Asiporudi, usinijie."

Nikasoma kama mtu anayedai haki yake. Kazini siendi, chakula napitishiwa mlangoni. Jemadari akashinda vita. Akawa mfalme, akaoa, akafanya karamu ya siku saba, na hapo sufuria zikapatikana! Nyama, mvinyo, mikate. Mchukuzi hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Mwandishi anajua rangi ya macho ya farasi wa mfalme, lakini mtu aliyembeba mfalme mgongoni kamsahau.

Kubuni najua. Ningeweza kumrudisha jemadari na machela na sanda. Lakini niliapa.

Nikamkuta sahibu yangu Marikiti, chini ya gunia la vitunguu. Hakugeuka.

"Amerudi?"

"Hakurudi, mwanaharamu yule. Yuwala karamu."

Akatua gunia. "Mimi si nilikwambia usinijie?"

"Uliniambia. Nani amekusikiliza? Nyanya amepika mahamri na mbaazi. Asema maiti asiye na wenyewe ni wa mtaa, watu waje wale wamuombee. Na yule jirani wa mikeka yuko pale, ameshakula matatu."

Karibu acheke, akajizuia. Akafuta jasho, akanitazama sawasawa.

"Ungekuwa wewe, pale darajani?"

"Ningerudi. Ningekutukana njia nzima kwa uzito huo ulio nao, lakini ningerudi."

Akaonyesha gunia kwa kidevu.

"Haya, shika upande huo."

Nikashika. Wallahi, nusura vitunguu viniue.